Onyo Likilia Ndege Ikitua: Rubani Amekosea au Amepatia?

SWALI: Asalaam aleikum. Mimi ni mfanyabiashara wa Lamu na safari zangu za Nairobi ni za mara kwa mara. Majuzi, kusi imechachamaa, tulikuwa tunatua Manda kwa ndege ndogo, nami nimekaa nyuma ya rubani. Tumeshakaribia kiasi cha kuiona mikoko mmoja mmoja, nikasikia sauti ya mashine ikitamka Kiingereza, “sink rate, sink rate”. Rubani akaongeza nguvu za injini, tukapaa, tukazunguka juu ya bahari na kutua mara ya pili. Kwenye boti ya kuvukia mjini abiria wenzangu walikuwa wakali: kijana hajui kazi, mpaka mashine imkemee! Nauliza: sauti ile inajuaje kuwa kuna hatari? Ikiwa ndege zina kifaa cha kuonya, mbona bado zinaanguka zikitua? Na sisi tunaokodi ndege, kuna la kuuliza kabla ya kulipa?

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu yangu.

Nianze na huyo kijana wenu. Kwa maelezo yako, alifanya lile alilofundishwa kulifanya, tena alilifanya mapema. Kughairi kutua na kupaa upya ni jambo la kawaida katika kazi ya urubani. Hufundishwa tangu mwanzo na hutahiniwa tena na tena maadamu mtu anaendelea kurusha abiria. La kutia hofu ni kinyume chake: onyo lilie, na ndege iendelee kushuka vilevile.

Tena huenda hata kosa hakuwa nalo. Sauti uliyoisikia humwambia rubani kuwa ndege inashuka kwa kasi kuliko inavyostahili kwa kimo ilichopo. Mteremko wa kawaida wa kutua ni nyuzi 3, na marubani wana hesabu yao ya haraka: chukua mwendo wa ndege juu ya ardhi kwa noti, yaani maili za baharini kwa saa, gawanya kwa 2, zidisha kwa 10, utapata futi za kushuka kwa dakika. Ndege ndogo inayokuja kwa noti 90 inapaswa kushuka kama futi 450 kwa dakika. Dash 8 au ATR, zile ndege za abiria za mapanga mawili, ikija kwa noti 120 inashuka futi 600. Sasa kusi ikivuma kwa mikupuo, upepo wa mbele unaweza kukatika ghafla. Hewa inayopita juu ya mabawa hupungua kwa mara moja, ndege ikazama kabla injini hazijaitika. Mtambo hauulizi ni upepo au ni mkono wa rubani. Unaona ndege inazama, unasema.

Mtambo wenyewe huitwa GPWS, na toleo lake la kisasa ni EGPWS. Kwenye kanuni za Marekani na Ulaya utaukuta kwa jina la TAWS. Kazi yake ni kuizuia ndege nzima, isiyo na hitilafu, isiingie ardhini au majini ikiwa mikononi mwa watu wasiojua kuwa wako chini mno. Kwa miongo mingi ajali za namna hiyo zilikuwa miongoni mwa zinazoua abiria wengi zaidi duniani. Aliyeubuni ni Donald Bateman, mhandisi mzaliwa wa Kanada, mwishoni mwa miaka ya 1960. Tarehe 1 Desemba 1974 Boeing 727 ya TWA, shirika la ndege la Marekani, iligonga mlima ikijiandaa kutua karibu na Washington, wakafa wote 92 waliokuwamo, na hapo ndipo Marekani ilipoulazimisha mtambo huo kwenye ndege kubwa za abiria.

Jicho lake la kwanza ni altimita ya redio. Chini ya tumbo la ndege kuna antena inayotuma mawimbi hadi ardhini na kuyapokea yakirudi. Muda wa kwenda na kurudi ndio kimo. Huanza kazi ndege ikiwa futi 2,500 hivi juu ya ardhi. Ni kama bildi ya nahodha: inakwambia kina kilicho chini ya chombo chako sasa hivi, haikwambii lolote juu ya mwamba ulio mbele. Udhaifu wa mitambo ya zamani ulikuwa hapo hapo. Ndege inayokwenda kwenye mlima wenye ukuta uliosimama wima ilipata onyo sekunde chache tu kabla ya kugonga, wakati hakuna injini wala rubani wa kuipandisha.

Kwa kutumia kimo hicho, kasi ya kushuka, na hali ya magurudumu na flapu, yaani vipande vya nyuma ya mabawa vinavyoshushwa wakati wa kutua, mtambo hutoa maneno tofauti kwa hatari tofauti. Ikiwa ndege imefika chini ya futi 500, mwendo wake ni wa kutua, na magurudumu hayajashushwa, utasikia “too low, gear”. Flapu zikiwa bado, “too low, flaps”. Ikiwa uwanja una mawimbi ya redio ya kuongoza mteremko na ndege imezama chini ya mstari, “glideslope”, kwanza kwa sauti ya chini, kisha kwa nguvu. Ikiinama upande kupita kiasi, “bank angle”. Mengi ya maneno haya huja na taa ya njano, na maana ya yote ni: sahihisha sasa. Maneno mawili ya mwisho, “pull up”, yaani inua juu, huja na taa nyekundu, na hapo hakuna tena kusahihisha. Rubani huondoa otopailoti, husukuma injini hadi nguvu zote, hunyoosha mabawa, huinua pua, kwenye ndege nyingi za Boeing hadi kama nyuzi 20 kwa kuanzia, na hagusi magurudumu wala flapu mpaka ardhi iwe mbali. Kama ni usiku au wingu limetanda, haruhusiwi kwanza kutafuta sababu. Anapaa, maswali baadaye.

Jicho la pili lilikuja miaka ya 1990: ramani ya dunia nzima ndani ya kompyuta, ikiunganishwa na GPS. Sehemu ya takwimu za ardhi zilipatikana baada ya Muungano wa Kisovieti kuvunjika, ramani za kijeshi zilipoanza kuuzwa. Sasa mtambo unajua mlima ulio mbele hata kabla altimita ya redio haijauona, na huonya kiasi cha dakika moja kabla kwa njano na nusu dakika kabla kwa nyekundu. Ajali iliyoharakisha mabadiliko hayo ni ya Boeing 757 ya American Airlines iliyogonga mlima karibu na Cali, Kolombia, tarehe 20 Desemba 1995, ikiwa na mtambo wa zamani uliolia kwa kuchelewa. Watu 159 walikufa.

Hilo ndilo jibu la inajuaje. Swali lako la pili ni zito zaidi.

Ndege zinaanguka zikiwa na mtambo huu kwa sababu mtambo huja mwisho. Kosa linaloua, mara nyingi, limeshafanyika dakika tatu au tano nyuma: ndege ilianza kuteremka ikiwa imechelewa, iko juu mno na ina kasi mno, na aliyeishika anaamini kuwa atawahi kuirekebisha. Onyo linapolia, marubani wote wawili wako katikati ya kazi nyingi, akili imeshaufunga uamuzi wa kutua, na sauti ya mashine inaingia sikioni kama kelele nyingine tu. Hii si dharau. Mtu mwenye kazi nyingi kwa wakati mmoja hupoteza kusikia kabla ya kupoteza kuona, na marubani wengi waliohojiwa baada ya kunusurika hawakukumbuka kabisa kuwa kengele ililia.

Kwa hiyo kinga ya kweli imewekwa juu zaidi, mahali panapoitwa lango. Mashirika mengi hutumia futi 1,000 juu ya uwanja ikiwa kuna mawingu, na futi 500 ikiwa anga ni safi. Ndege ikifika langoni lazima iwe imetulia: iko kwenye mteremko na mstari wa njia ya kutua, magurudumu na flapu ziko mahali pake, mwendo haupungui ule uliokokotolewa wala hauuzidi kwa zaidi ya noti 20, haishuki kwa zaidi ya futi 1,000 kwa dakika, injini zina nguvu fulani na hazijaachwa bure, na orodha ya ukaguzi imekwisha kusomwa. Likikosekana moja tu, ndege inapaa. Kwa noti 120 na mteremko wa nyuzi 3, kutoka futi 500 hadi kugusa lami ni sekunde 50. Ndani ya sekunde hizo huwezi kupunguza mwendo, kuteremka zaidi, kushusha flapu na kusoma orodha, kisha ukatua mahali unapotaka.

Kinachofanya lango livunjwe ni kuwa kulivunja mara nyingi hakudhuru. Flight Safety Foundation, shirika la kimataifa la usalama wa anga, lilipolichunguza jambo hili lilikuta kuwa karibu 97 kati ya kila safari 100 zilizofika langoni bila kutulia ziliendelea kutua tu. Nyingi kati ya hizo zilifika salama. Rubani akifanikiwa mara kumi, ya kumi na moja haoni tena kama ni hatari, anaona ndiyo kazi yenyewe. Hapa ndipo ninapowalaumu waajiri zaidi kuliko vijana: kampuni inayomwandikia barua rubani aliyeghairi kutua kwa sababu ameunguza mafuta, inamfundisha asighairi tena.

Zidisha mwendo uone. Ndege inayopaswa kugusa kwa noti 120 ikigusa kwa noti 130, nguvu ambazo breki zinapaswa kuzimeza zinaongezeka kwa asilimia 17. Ikipita juu ya mwanzo wa lami ikiwa futi 100 badala ya 50, inatua karibu mita 290 mbele zaidi. Kwenye njia ndefu ya Mombasa hilo ni aibu ndogo. Kwenye njia fupi kama ya Malindi, lami ikiwa imelowa mvua ya masika, ndiyo tofauti ya kusimama na kutosimama.

Mangalore, India, tarehe 22 Mei 2010, inaonyesha vizuri kuliko ajali nyingine yoyote ninayoijua namna mtambo, rubani msaidizi na akili timamu vinavyoweza kusema jambo moja na wote wasisikilizwe. Boeing 737-800 ya Air India Express ilikuwa inatoka Dubai. Uwanja uko juu ya kilima kilichokatwa kikawa tambarare, mwisho wa njia ni bonde. Nahodha alikuwa amelala sehemu kubwa ya safari, mpaka kinasa sauti kikanasa mkoromo wake, na aliamka akiwa bado na mzigo wa usingizi kichwani. Walichelewa kuteremka. Zikiwa zimebaki maili mbili na nusu hivi, ndege ilikuwa karibu mara mbili ya kimo ilichopaswa kuwa nacho. Nahodha akaisukuma chini kwa nguvu. Mtambo ukaanza “sink rate”, ukafuatia “pull up”, ukarudia na kurudia. Rubani msaidizi akamwambia aghairi, akamwambia tena, akamwambia mara ya tatu. Ndege ikagusa lami ikiwa imekwisha kuimaliza zaidi ya nusu yake, ikatoka mwisho na kutumbukia bondeni. Kati ya watu 166 walisalimika 8.

Angalia kilichokosekana pale. Rubani msaidizi alijua. Kinywa chake kilisema. Mikono yake haikufanya kitu. Kumkatiza mkubwa wako kazini ni jambo gumu, na sisi watu wa pwani tuliolelewa kumwamkia kila mkubwa tunaelewa ugumu huo. Kwa sababu hiyo mafunzo ya sasa ya ushirikiano wa marubani humpa mdogo maneno ya kutumia na mpaka wa kuyatumia: anataja kasoro kwa tarakimu (“mwendo umezidi 20”), akikosa jibu anasema wazi “ghairi”, na kampuni nyingi zimeandika kuwa neno hilo likitamkwa na yeyote kati ya wawili, ndege inapaa bila mjadala. Mjadala ni chini, kwenye kiti cha ofisi.

Miaka kumi kamili baadaye, 22 Mei 2020, Airbus A320 ya PIA, shirika la ndege la Pakistan, ilifika Karachi ikiwa juu na yenye kasi kiasi kile kile. Kengele za mwendo, za ardhi na za magurudumu zililia, na ndege iligusa lami kwa injini zake, magurudumu yakiwa ndani. Ikapaa tena na injini zilizokwaruzika, zikazima zote mbili kabla ya kurudi uwanjani. Kati ya 99 waliokuwamo walipona 2. Karibu na kwetu, tarehe 6 Novemba 2022, ATR 42 ya Precision Air ilizama Ziwa Victoria ikijaribu kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa, wakafa 19 kati ya 43. Wachunguzi walieleza kuwa mtambo ulionya mara tatu kuhusu kasi ya kushuka na hakukuwa na marekebisho yoyote. Neno lilikuwa lile lile ulilolisikia wewe Manda.

Kuna pia wakati mtambo hunyamaza, na hili watu wengi hawalijui. Tarehe 23 Mei 2022 Airbus A320 ilikuwa inatua Paris, uwanja wa Charles de Gaulle, katika mvua, ikifuata njia ya setilaiti ambayo kimo chake hutegemea altimita ya kawaida, ile inayopima kanieneo ya hewa. Altimita hiyo lazima ipewe kanieneo ya mahali ilipo, na mwongoza ndege aliyekuwa kazini aliwapa 1011 badala ya 1001. Kila kizio kimoja ni kama futi 28. Makosa ya 10 yakawa futi 280: marubani waliona kwenye kioo kuwa wako sawasawa kwenye mteremko, kumbe ndege yote iko futi 280 chini ya pale. Walipofika kimo cha kuamua hawakuona taa za uwanja, wakaghairi, na katika kupaa kwao ndege ilishuka hadi futi 6 juu ya ardhi, takriban kilomita moja na nusu kabla ya njia ya kutua. Mtambo wa ndani ya ndege haukusema neno. Magurudumu yalikuwa chini, flapu ziko tayari, mteremko ni wa taratibu, na mbele kuna uwanja uliomo kwenye ramani. Kwa toleo lililokuwamo humo, hiyo ilikuwa ndege inayotua kama nyingine yoyote. Kilicholia ni chombo cha mnarani. Waliowaokoa abiria ni wale wale wawili, kwa kufuata sheria ya kizamani kabisa: huoni, hutui.

Kwa viwanja vyetu hapa kuna ukaguzi rahisi, nami ningependa kila rubani anayekuja Manda au Malindi aufanye. Viwanja vyote viwili viko karibu na usawa wa bahari, na ndege huja au huzungukia juu ya maji. Altimita ya kawaida iliyowekwa sawasawa, na altimita ya redio juu ya bahari, zinapaswa kukubaliana, zikipishana kwa makumi machache ya futi kwa sababu ya joto. Ukiwa futi 1,000 juu ya maji na vioo viwili vinapishana kwa 300, usiendelee kushuka. Uliza kanieneo upya.

Kuhusu macho. Nairobi na Mombasa zina mawimbi ya redio ya kumwongoza rubani hadi chini. Kwenye viwanja vidogo vya pwani anategemea zaidi macho yake, na macho hudanganywa kwa namna zinazojulikana. Njia nyembamba ya kutua humfanya ahisi yuko juu kuliko alivyo, kwa hiyo huja chini mno. Usiku, bahari nyeusi huku na taa za uwanja peke yake kule, humfanya vilevile ahisi yuko juu, akateremka taratibu hadi kwenye giza kabla ya lami. Dawa yake ni taa nne za pembeni mwa njia ziitwazo PAPI: mbili nyeupe na mbili nyekundu, uko sawa, nyekundu zikiongezeka, unazama, zikiwa nyekundu zote nne, paa. San Francisco, 6 Julai 2013, taa hizo zilikuwa zikifanya kazi na mchana ulikuwa mweupe, mawimbi ya mteremko pekee ndiyo yalikuwa yamezimwa kwa ujenzi. Marubani wa Boeing 777 ya Asiana waliamini kuwa mtambo wa nguvu za injini unashika mwendo, kumbe umekaa tu. Mwendo uliotakiwa ni noti 137. Ulishuka hadi kama 103. Kengele ya mwendo mdogo ililia sekunde 11 kabla ya kugonga ukuta wa bahari. Injini kubwa zilizoachwa bure huhitaji sekunde kadhaa kupata nguvu, kwa hiyo sekunde 11 hazikutosha. Watatu walikufa.

Na kupaa upya kwenyewe kuna hatari yake, hasa usiku juu ya bahari. Ndege inapopata nguvu zote kwa ghafla, sikio la ndani huitafsiri ile kasi kuwa pua imeinuka sana. Asiye na upeo wa macho wa kuangalia husukuma pua chini kwa kujihami. Hivyo ndivyo Airbus A320 ya Gulf Air ilivyoingia baharini Bahrain tarehe 23 Agosti 2000, ikighairi kutua usiku, mtambo ukipiga kelele za “pull up”, wakafa wote 143. Rubani wako alikuwa na mchana, upeo wa bahari na visiwa vya kuangalia. Usiku ingembidi ayatoe macho dirishani na kuyabandika kwenye vioo tangu sekunde ya kwanza.

Hujauliza kuhusu kitufe cha kuuzima, lakini ukikaa nyuma ya rubani siku moja utakiona kikibonyezwa. Mtambo hujua viwanja vilivyomo kwenye ramani yake tu. Rubani anayetua kwenye kiwanja cha changarawe kisichomo humo ataambiwa “too low, terrain”, yaani uko chini mno, ardhi hiyo, kila akitua, kwa hiyo ameruhusiwa kunyamazisha ile sehemu ya ramani, akiwa anakiona kiwanja kwa macho. Hatari ni mazoea, na kusahau kukirudisha. Tarehe 9 Mei 2012 Sukhoi Superjet ya maonyesho ilikuwa inazunguka mawinguni karibu na Mlima Salak, Indonesia. Mtambo ulionya, nahodha akadhani ramani yake ina kasoro, akaunyamazisha. Onyo la kwanza lilikuja sekunde 38 kabla ya ukuta wa mlima. Majaribio ya baadaye yalionyesha kuwa hata angechelewa sekunde 20 na ushei bado angepona. Walikufa 45. Miaka ya karibuni kumeongezeka tatizo jingine, kuvurugwa kwa mawimbi ya GPS katika maeneo ya vita, hasa Mashariki ya Kati. Ndege hudhani iko pasipo pake na kupiga kelele za mlima ikiwa futi 35,000. Kila onyo la uongo humpunguzia rubani imani na lile la kweli, na huo ndio uharibifu wake mkubwa.

Sasa la kukodi. Viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, vinataka mtambo wenye ramani kwa ndege za injini za tabo zenye uzito wa kuruka unaozidi kilo 5,700 au zinazobeba abiria zaidi ya 9. Kwa zenye abiria 6 hadi 9 limekuwa pendekezo. Ndege ya injini ya pistoni ya viti vitano haiguswi na hayo, na si kosa kuwa haina.

Kabla ya kulipa, uliza mambo manne, kwa adabu na bila kuona haya. Je, ndege ina TAWS, na ramani yake ilihuishwa lini? Ina marubani wawili au mmoja? Kampuni imeandika kimo cha kughairi, na rubani akighairi anaulizwa nini akirudi? Na mafuta: ikishindikana Manda, itakwenda wapi? Malindi iko yapata kilomita 140, chini ya nusu saa kwa ndege ndogo, na juu ya hiyo lazima ibaki akiba ya mwisho ya dakika 30 kwa injini za tabo, au 45 kwa za pistoni. Mwenye kampuni akikujibu kuwa Manda haijawahi kushindikana, tafuta mwingine.

Liko na upande wenu wateja. Ndege nyingi za kukodi huku ni za mgonjwa anayekimbizwa, au za watu wanaowahi maziko kabla ya alasiri. Rubani anaposikia nyuma yake watu wakihesabu dakika na kupiga simu kuwa “tunashuka sasa hivi, subirini”, anapofika langoni na mwendo umezidi, mzigo huo uko mabegani mwake. Mwambieni kabla ya kuruka, kwa maneno, kwamba akizunguka mara mbili au akiwapeleka Malindi hamtamlaumu wala hamtadai nauli. Kisha wapigieni wanaosubiri kaburini muwape saa ya mbele kuliko mnayoitarajia.